Mji wa Wapangaji Wasiopanga

Kama unataka kujua Kitale itakaa vipi mwaka wa 2040, usisumbuke kutafuta ramani. Soma nguzo za stima. Kutoka mjini hadi Kiminini, na ukiendelea mpaka Kamukuywa, nguzo baada ya nguzo imepigiliwa kibao: PLOTI ZINAUZWA, 50 KWA 100, STIMA IKO, MAJI IKO, HATI TAYARI. Chini yake namba ya simu. Ukishuka Bungoma utavikuta vibao vilevile, rangi tu ndiyo tofauti. Mimi nasema hivyo vibao ndio mpango wa mji wetu, na aliyeuandika si injinia wala diwani. Ni broka.

Kiswahili kina utani wake. Mtu anayelipa kodi ya nyumba anaitwa mpangaji. Mtu anayeamua barabara ipite wapi, shule ikae wapi na mahindi yaanzie wapi, naye anaitwa mpangaji. Wasee wengi wa umri wangu ni wapangaji wa aina ya kwanza: bedsitta moja, token ya stima ya mia, mwenye nyumba anapiga simu tarehe nne. Leo nataka tuongee kuhusu aina ya pili, na kwa nini hiyo kazi si ya watu wa suti peke yao. Na si story ya mbali, kwa sababu shamba linalotaka kukatwa sasa hivi ni la nyumbani.

Tuanze na hesabu, ukweli usemwe, hakuna anayeifanya. Ekari moja ni futi mraba 43,560. Ploti ya 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000. Broka akikuambia ekari inatoa ploti nane, ameshakula 40,000 na zimebaki 3,560. Sasa panga ploti nne huku na nne kule zitazamane. Barabara ya katikati itakuwa na urefu wa futi 200. Gawa 3,560 kwa 200, unapata futi kumi na saba na kitu, yaani mita tano na nusu hivi. Na hapo hujachimba mtaro, hujasimamisha nguzo, hujapitisha bomba la maji. Wengine hawataki hata kukupa hiyo, ndio maana utaona hati nyingi zinasoma hekta 0.045, ambayo ukipima kwa kamba haifiki 50 kwa 100 kamili.

Sasa kila mmoja anajenga ukuta wake mpaka ukingoni, mwingine anasukuma geti nje kidogo, mwingine anamwaga kokoto na zinakaa miaka mitatu. Siku nyumba inashika moto, gari la zimamoto linasimama barabarani kubwa likiangalia. Siku mama mjamzito anazidiwa usiku, anabebwa na boda. Na ukitembea katikati ya hizo ploti mia mbili, mia tatu, hutapata uwanja wa watoto kucheza mpira, hutapata nafasi ya nasari, hutapata soko. Kwa sababu kila aliyeuza aliuza ekari yake, na hakuna aliyeuziwa kazi ya kuangalia ekari zote pamoja.

Huo ndio upangaji. Kuangalia ekari zote pamoja. Si kitu cha ajabu.

Nyumbani kwetu ni upande wa Kiminini. Kuka, yaani babu mzaa baba, alikuwa mmoja wa wale wazee waliochanga pesa baada ya uhuru wakanunua shamba la mzungu na kugawana. Yeye alipata ekari tano. Tatu za juu ni tambarare, mahindi matupu. Mbili za chini zinateremka mpaka kwenye chemichemi ambayo Kukhu, nyanya yangu, aliikuta hapo alipoolewa. Maji hayo hayajawahi kukauka, hata ile miaka mvua ilikataa mpaka Aprili ikaisha. Majirani wa milango kumi na kitu wanateka hapo.

Kuka alifariki. Hati bado iko kwa jina lake. Na baba mdogo wangu mmoja ameshapata broka wa hizo ekari mbili za chini. Ploti kumi na sita. Kibao kimepigiliwa, na kinasema HATI TAYARI. Sijui ni hati gani, kwa sababu kisheria mali ya marehemu haiuziki mpaka korti itoe idhini ya usimamizi na kuithibitisha, na sisi hata fomu ya kwanza hatujajaza. Kwa hivyo wewe unayepiga hiyo namba, jua kwamba hununui ploti. Unanunua ugomvi wa familia yetu. Nenda Ardhi House ya kaunti ufanye sachi kwanza, uone jina liko la nani, na uulize kama huyo mtu bado anakula ugali.

Kuna mtu atasema mimi ni wa mjini, najifanya napenda shamba. Kweli, wiki nyingi niko Bungoma na mama, mtaa wa Mashambani. Na ndio sababu hasa naogopa. Hebu fikiria hilo jina. Mashambani. Mtu hakukaa chini akaamua kuita mtaa wa nyumba za kupanga Mashambani kwa mzaha. Palikuwa mashamba. Leo palipobaki shamba ni kwenye jina tu.

Sensa ya 2019 ilihesabu Bungoma watu 1,670,570, ambao ni watu 552 kwa kila kilomita ya mraba. Trans Nzoia ilikuwa na watu 990,341, na kila kilomita ya mraba watu 397. Kitale ikijidanganya kwamba ina nafasi, itume mjumbe Bungoma siku ya mvua. Mtaani kwetu maji ya mvua hayana pa kupita kwa sababu njia yake ya zamani ilipimwa, ikawekewa bikoni, ikauzwa. Maji hayajui kusoma hati. Yanapita palepale yalipokuwa yakipita, sasa ni kwenye sebule. Nyumba tuliyopanga kabla ya hii, kisima kilikuwa hatua kumi kutoka choo cha shimo cha jirani. Si kwamba jirani ni mbaya. Kwenye 50 kwa 100, ukitoa nyumba na geti, choo na kisima vitajificha wapi?

Bungoma imejengwa, sikatai. Ile barabara pana ya Musikoma mpaka Kanduyi ni raha kuendesha, na tarehe 1 Juni 2024, Madaraka Dei ilipoletwa uwanja wa Masinde Muliro, mji ulipakwa rangi mpaka mawe. Lakini hakuna rais anayekuja kuzindua mtaro wa mtaa. Vitu vinavyofanya mtaa ukalike havina utepe wa kukata.

Na Kitale si kwamba haikuwahi kupangwa. Hii ni uongo tunaupenda. Reli kutoka Eldoret ilifika Kitale mwaka wa 1926, na mji ukapangwa vizuri kabisa kwa ajili ya walowezi. Tembea Milimani leo, utaona barabara zenye kivuli na viwanja ambavyo kona moja tu ya ua ingetosha kibanda cha chapati na duka la Mpesa juu. Halafu tembea dakika chache tu uende Kipsongo, ambako Waturkana wengi waliokimbia ukame na wizi wa mifugo walitua, na mpaka leo kuna watu wanaishi kwenye vibanda vya makaratasi na matambara. Mpango ulikuwepo. Wao ndio hawakuwa ndani yake. Kwa hivyo mtu wa Kipsongo akisikia neno mpango anatafuta tingatinga liko wapi, na siwezi kumlaumu.

Lakini Kitale pia ndiyo mji ulioonyesha kwamba inaweza kufanywa kwa njia nyingine, na inaniuma kwamba rafiki zangu hawajui. Kati ya 2001 na 2004, baraza la manispaa la wakati huo lilifanya kazi na shirika la ITDG, ambalo sasa linaitwa Practical Action, kwa pesa za serikali ya Uingereza. Walichagua mitaa mitatu: Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa. Badala ya mtaalamu kuja na mchoro kutoka Nairobi, wenyeji wenyewe walikaa, wakachora mtaa wao, wakaonyesha maji yako wapi, uchafu unamwagwa wapi, nani hana choo, kisha wakapanga kipi kianze. Vikatoka vyoo, maji safi, njia za kupita, na matofali ya udongo unaochanganywa na saruji kidogo na kukandamizwa kwa mashine ya mkono, hayachomwi kwa kuni.

Watu wakiongelea huo mradi huongelea vyoo. Mimi nachopenda ni ile ramani. Choo kitaharibika, na vingine vimeharibika, miradi ya wafadhili tunaijua. Lakini mama aliyewahi kushika kalamu akaonyesha ofisa wa baraza kwamba hapa ndipo watoto wetu wanapochotea maji, huyo hutamwambia tena kwamba kupanga mji ni mambo ya wasomi. Miaka ishirini na zaidi imepita. Kwa nini hiyo haikuwa kawaida ya kila mtaa? Kwa nini Matisi, kwa nini Kiminini, kwa nini Chwele na soko lake lote lile, hawajakaa chini hivyo?

Sheria haikatazi. Ninyi mnaopenda kusema sheria za Kenya ni mbaya, nyingine ni tamu sana, tatizo ni kwamba zimelala. Kuna Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Baada ya marekebisho ya 2019, idadi ni hizi: watu 50,000 mnaweza kuwa manispaa, 10,000 mnakuwa mji, na 2,000 tu mnakuwa kituo cha soko. Elfu mbili! Hiyo ni kanisa mbili na shule moja. Yaani sheria inatambua hata sehemu ambazo matatu hazisimami vizuri. Na ndani ya sheria hiyohiyo kuna kitu kinaitwa baraza la wananchi: wakazi wanakutana, wanajadili huduma na mipango, na wanapeleka mapendekezo kwa bodi. Halafu kuna Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ambayo inataka kila kaunti iwe na mpango wa ardhi, wananchi watangaziwe rasimu ikiwa tayari, waikague na watoe maoni. Ukiona umeonewa, kuna kamati ya upatanisho ya kaunti ya kupeleka malalamishi kabla hujafika kortini.

Najua unachofikiria. Nani ataniita kwenye huo mkutano? Tangazo linawekwa kwenye gazeti la kiserikali na gazeti la kawaida ambalo hakuna mtu wa miaka ishirini na mbili ananunua. Mkutano unafanyika Jumatano saa nne asubuhi. Wanaokuja ni wazee walewale, wanapewa soda na mia tano ya nauli, wanatia sahihi, jioni ripoti inasema wananchi wameshirikishwa. Manze, tumeshirikishwa sana bila kujua.

Kwa hivyo nilienda mwenyewe. Kuna ofisi moja ya umma, sitaitaja, niliyoenda mara tatu kuuliza kama kuna mpango wowote unaogusa upande wa nyumbani. Mara ya kwanza aliye na funguo alikuwa fildi. Mara ya pili niliulizwa natoka chama gani. Mara ya tatu kijana mmoja wa hapo, mpole tu, aliniambia: dadangu, andika barua, ukiandika lazima wajibu.

Na kumbe ni kweli. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Huhitaji wakili. Huhitaji kueleza unataka habari hiyo ya nini. Na hii ndiyo niliipenda zaidi: barua inaruhusiwa kuwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kiswahili hichihichi. Wakinyamaza, unapeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaita Ombudsman. Mimi niliandika hivi, ukitaka ibe:

“Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa eneo hili. Kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba kuona na kupata nakala ya mpango wowote wa matumizi ya ardhi, uliopitishwa au ulio rasimu, unaohusu eneo lililotajwa hapa chini, pamoja na ramani zake. Naomba pia kujulishwa ni lini wananchi walialikwa kutoa maoni.”

Jina, kitambulisho, simu, tarehe. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Huo muhuri ni muhimu kuliko barua yenyewe, kwa sababu hapo ndipo siku zinaanza kuhesabiwa.

Siku ya kumi na tisa walinipigia. Nilipelekwa kwenye chumba chenye mafaili mpaka dirishani na nikaonyeshwa rasimu. Nakala sikupewa, ila niliruhusiwa kupiga picha. Sehemu ya nyumbani ilikuwa imepakwa rangi ya kilimo. Kijito kinachotoka kwenye chemichemi ya Kukhu kilikuwa kimechorwa kwa bluu, na pembeni yake ukanda wa kijani pande zote mbili. Nilisimama hapo nikiangalia. Mtu fulani, sijui nani, aliwahi kukaa kwenye kompyuta akaona maji yetu na akayawekea nafasi. Na hakuna mtu hata mmoja kijijini aliyewahi kuambiwa. Broka hana hiyo ramani. Liguru wetu hana. Saveya aliyepigiwa simu na baba mdogo, kama anayo, hajaitoa mfukoni.

Hapa kuna mtu atauliza kwa nini nang’ang’ania chemichemi, si watachimba visima. Twende Saiwa kwanza. Mbuga ya Saiwa, nje kidogo ya Kitale, ndiyo mbuga ndogo zaidi ya kitaifa Kenya, kilomita tatu hivi za mraba, ilitangazwa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasi ambaye wengi mnamwita sitatunga. Humo hakuna kuingia na gari. Unatembea kwa mguu kwenye mbao juu ya matope. Lakini mbuga ndogo hivyo haiwezi kujilinda na ua. Maji yake yanatoka kwenye mashamba ya watu huko juu. Mkulima akipanda mikaratusi kwenye bonde, au akilima mpaka ukingoni, kinamasi kinakauka na ua uko palepale umesimama. Yaani yule nzohe anaishi kwa hisani ya watu wa mahindi. Shamba la Kuka ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba walio chini yetu si swala, ni milango kumi na kitu ya watu.

Na usiseme miti na mji haviendi pamoja. Nyuma ya Makumbusho ya Kitale, yale yaliyotokana na mkusanyiko ambao mlowezi Hugh Stoneham alianza kuuonyesha 1926, kuna kipande cha msitu wa asili na njia ya kutembea. Ni mwendo wa mguu kutoka katikati ya mji. Kina kivuli, kina ndege, kina vijana wamekuja na soda wakidai wanasoma. Hicho kipande kipo kwa sababu kina mwenyewe na kina mpaka. Kingekuwa shamba la urithi lenye ndugu saba, leo kingekuwa ploti sitini.

Sasa turudi kwa baba mdogo, kwa sababu sitaki mumwone kama mwizi. Ana mtoto chuo kikuu na mwingine kidato cha tatu. Gunia la mahindi analouza halilipi hata mbolea vizuri, miaka mingine anauza kwa hasara huku akiangalia malori ya mahindi ya nje yakipita. Ploti moja inampa pesa ambazo mahindi hayatampa kwa misimu mingi. Na wanaonunua si matajiri. Ni mwalimu, ni askari, ni dada anayefanya kazi Qatar, ni wewe miaka mitano ijayo. Watu wanahitaji pa kulala. Ukiniambia dawa ni kukataza watu kuuza, nitakuambia umekula vizuri.

Nachosema mimi ni tofauti. Miji yetu inatambaa kama maboga kwa sababu hakuna anayeruhusu, wala anayelipa, ijengwe kwenda juu. Katikati ya Kitale na katikati ya Bungoma kuna majumba ya mabati ya ghorofa sifuri kwenye ardhi ghali kabisa, huku tunamwaga saruji kwenye udongo unaolisha nchi. Na kila anayelipwa mshahara anakatwa asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu kwa sheria ya 2024. Haya, kama tunakatwa wote, mtu wa Kiminini na mtu wa Chwele aulizwe nyumba zikae wapi na ziwe za ghorofa ngapi. Hayo ni maoni yangu, unaweza kukataa.

Mwezi wa nane tulikaa kikao nyumbani. Nilichapisha ile picha ya rasimu kubwa kwenye saiba, na pembeni nikaja na mchoro wangu wa ekari mbili za chini, nimechora kwa rula na penseli, saveya akiuona atacheka. Sikusema tusiuze. Nilisema tukiuza, tufuate urithi kwanza, barabara iwe ya mita tisa, na tuache mita kumi na tano kutoka ukingo wa maji bila kuuza, kwa sababu kanuni za 2006 ziliweka kati ya mita 6 na 30 kutoka mahali mafuriko yaliwahi kufika. Ukitoa hizo, ekari mbili zinabaki na ploti kumi na tatu.

Kumi na tatu, si kumi na sita. Baba mdogo aliweka miwani mezani.

“Hizo tatu utanilipa wewe?”

Nilimwambia ploti ambayo lori la mchanga linafika mlangoni haiuzwi bei moja na ya kichochoroni. Akasema labda. Kisha akasema lile nililokuwa nikilisubiri tangu asubuhi: “Na wewe mama, si utaolewa? Unapangia shamba la nani?” Senge mmoja akacheka, mwingine akaangalia chini. Sheria ya urithi haiulizi kama binti ameolewa au la, naijua hiyo sehemu kwa kichwa, lakini kwenye kikao hicho sikuisoma. Kuna vitu ukivisema mbele ya wazee unashinda hoja na unapoteza kiti.

Aliyeongea ni Kukhu. Alikuwa amenyamaza muda wote, akichambua maharagwe kwenye ungo, hata nilidhani hafuatilii. Akavuta mchoro wangu, akaugeuza juu chini ndipo ukaelekea vizuri upande wa mlima, akauangalia. Akauliza swali moja.

“Ng’ombe watapita wapi kwenda majini?”

Hakuna aliyejibu. Kwenye mchoro wa broka hakukuwa na njia ya ng’ombe. Kwenye wangu pia. Kwenye rasimu ya serikali, yenye rangi zote zile, hakukuwa. Majirani wote wanapitisha mifugo kwenye kichochoro cha pembeni, ambacho hakijaandikwa popote, na ambacho kwenye ploti kumi na sita ni ploti namba tisa na namba kumi. Baba mdogo alichukua penseli yangu, akachora mstari. Aliuchora mwembamba. Kukhu akamwambia aupanue, ng’ombe wawili lazima wapishane. Akaupanua.

Hatukukubaliana siku hiyo. Broka amepiga simu mara nne, mara ya mwisho akasema ana mteja wa ploti mbili kwa mpigo, pesa taslimu. Kibao bado kiko. Lakini tumeenda korti ya Kitale kuchukua fomu za urithi, na baba mdogo ndiye aliyelipa nauli yetu wote. Saveya anakuja wiki ya pili ya Desemba, watu wa Nairobi wakiwa wamefika. Kwenye mchoro sasa kuna ploti kumi na mbili na nusu, na hiyo nusu hakuna anayejua itakuwa nini. Baba mdogo amesema saveya hamwamini, mimi pia haniamini sana. Atakuja na kamba yake mwenyewe.